Kabla ya Kununua Ripita

Hotuba kwa mafundi umeme na mafundi vidhibiti wa mitambo ya maji na viwanda

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, kaka zangu na dada zangu mafundi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kufikisha mawasiliano ya mitambo mbali zaidi. Najua kila mmoja wenu ana kituo chake kinachomnyima usingizi. Kisima kiko bondeni, tangi liko kilimani, PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo, iko katikati, na usomaji wa kina cha maji unakatika. Au kiwanda kimeongeza jengo, draivu za mota, yaani vifaa vinavyodhibiti mwendo wake, ziko mita 800 kutoka chumba cha udhibiti. Asubuhi zinaonekana kwenye skrini, mota kubwa ikiwashwa zinapotea. Swali ninaloulizwa ni lile lile: "Mhandisi, tununue ripita gani?", yaani kile kifaa kinachopokea ishara iliyochoka na kuituma upya.

Jibu langu halibadiliki, na ndilo nililokuja kulitetea mbele yenu. Usinunue bado. Punguza kasi ya mawasiliano, rekebisha mpangilio wa waya na ncha zake, kisha pima. Vituo vingi vitapona hapo hapo. Vitakavyobaki, utakuwa umeshajua vinaumwa nini, na ripita, faiba (uzi wa kioo unaobeba mwanga) au redio itanunuliwa kwa sababu inayoeleweka.

Nalisisitiza hili kwa kuwa fedha tunazotumia ni za watu. Mamlaka ya maji ya mji mdogo ikinunua vifaa visivyohitajika, pampu ya akiba ndiyo haitanunuliwa, na mama wa mtaa wa mwisho wa bomba ndiye atakayebeba ndoo.

Tuanze na waya ambao wengi wetu tunao, RS-485, njia ya vifaa kupelekeana data. Kiwango chake kilitolewa Marekani mwaka 1983. Kabla yake kulikuwa na RS-232 ya mwaka 1960, ambayo hupeleka volteji kwenye waya mmoja ikilinganishwa na waya wa ardhi, na ambayo tulizoea kuihesabia mita 15 tu. RS-485 inatumia waya mbili zilizosokotwa pamoja. Mmoja ukipanda, mwenzake unashuka, na kifaa kinachopokea kinaangalia tofauti kati yao. Kelele ya mota au ya draivu ikiingia, inaziingia zote mbili karibu sawasawa, kwa hiyo tofauti inabaki ilivyokuwa. Kifaa kinachotuma kinatakiwa kutoa angalau volti 1.5, kinachopokea kinatosheka na volti 0.2. Angalieni nafasi iliyopo hapo. Ishara inaweza kudhoofika sana njiani na bado ikasomeka.

Kila katalogi itakuandikia "mita 1,200". Ni kweli, ila kuna sharti: umbali huo ni kwa kasi isiyozidi takribani biti 100,000 kwa sekunde. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: zidisha kasi kwa urefu wa waya kwa mita, jibu lisizidi milioni 100. Wenzetu wa Profibus, mtandao wa viwandani unaotumia waya wa RS-485, hawakuacha hata nafasi ya kukadiria, waliliandika jedwali waziwazi. Mpaka kilobiti 93.75 kwa sekunde, kipande kimoja cha waya kinafika mita 1,200. Kilobiti 187.5, mita 1,000. Kilobiti 500, mita 400. Megabiti 1.5, mita 200. Kuanzia megabiti 3 mpaka 12, mita 100 basi. Waya ni ule ule wa zambarau na vifaa ni vile vile. Kilichobadilika ni kasi peke yake, na umbali umepungua mara 12.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu umeme ndani ya kebo hausafiri papo hapo. Unatumia takribani nanosekunde 5 kwa kila mita. Mita 1,200 ni mikrosekunde 6. Sasa chukua kasi ya biti 9,600 kwa sekunde: biti moja inakaa kwenye waya mikrosekunde 104. Ishara inafika mwisho, inagonga, kipande chake kinarudi nyuma, kinaenda tena, na misukosuko hiyo yote inatulia muda mrefu kabla kifaa hakijaangalia katikati ya biti ili kisome. Chukua upande wa pili, Profibus ya megabiti 12. Biti moja ni nanosekunde 83, yaani biti nzima inatosha kwenye waya wa mita 17 hivi. Kebo ya mita 100 ina biti karibu 6 zinazofuatana ndani yake kwa wakati mmoja. Hapo wimbi lolote linalorudi nyuma linaangukia juu ya biti nyingine na kuiharibu. Ncha isiyofungwa vizuri, ambayo kwenye 9,600 hukuisikia kabisa, kwenye megabiti 12 inaangusha mtambo.

Nimesikia hofu ya kupunguza kasi katika vituo vingi. Fundi anaona kama anaurudisha mtambo nyuma. Basi tufanye hesabu pamoja, maana hofu hii haimalizwi kwa maneno.

Kwa Modbus, lugha ambayo PLC na vifaa huulizana na kujibizana, kasi ikiwa 9,600, kila herufi ni biti 11, sawa na milisekunde 1.15. Kuuliza kifaa kimoja rejista mbili, yaani namba mbili zilizohifadhiwa ndani yake, ni herufi 8, na jibu ni herufi 9. Jumla ni herufi 17, karibu milisekunde 20. Ongeza ukimya unaotakiwa kati ya ujumbe na ujumbe, unafika milisekunde 28. Kifaa kipe muda wa kufikiri, tuseme 20. Chini ya milisekunde 50 kwa kifaa kimoja, kwa hiyo vifaa 20 vinasomwa vyote ndani ya sekunde moja. Sasa nendeni mkaliulize tangi la maji: katika sekunde moja, kina chake kinabadilika kiasi gani? Tangi la mji hubadilika sentimita chache kwa dakika kadhaa. Joto la tanuri la saruji, kina cha maji kwenye kisima, presha ya bomba la kilomita 10, hivi vyote havina haraka hata kidogo. Nimekuta mitambo ya maji iliyowekwa kasi ya 115,200 kwa sababu moja tu: hiyo ndiyo namba iliyokuwa chini kabisa ya orodha kwenye programu.

Kinachotakiwa kupangiwa kasi ni kile tunachokipima. Roboti ya kufungasha chupa inahitaji milisekunde. Mtu anayeunganisha mhimili wa mashine ya kukata karatasi anahitaji pungufu ya hapo, naye atawasiliana ndani ya jengo moja. Maji yanakungoja.

Na kama unachotaka kutoka kilimani ni namba moja tu, kina cha tangi, kumbukeni kile kizee chetu, miliampea 4 hadi 20. Vijana wanakidharau. Mkondo wa umeme kwenye mzunguko mmoja ni ule ule kila mahali, hauwezi kupotea njiani kama volteji inavyopotea. Piga hesabu: chanzo ni volti 24, kihisi kinahitaji kama volti 12 ili kifanye kazi, rezista ya ohmu 250 upande wa PLC inakula volti 5 pale mkondo unapofika miliampea 20. Zinabaki volti 7. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, kwenda na kurudi, una ohmu 34 hivi kwa kilomita, kwa hiyo unakula volti 0.7 kwa kilomita. Mnaona wenyewe: kilomita 10 kwa waya mwembamba, bila ripita hata moja. Na waya ukikatika, mkondo unashuka mpaka sifuri, ambayo si 4, na PLC inajua kwamba waya umekatika na si kwamba tangi limekauka. Tatizo lake kubwa ni radi, nami nitalifikia.

Jambo hili la kasi na umbali lina historia, nayo ina mafunzo kwetu kuliko vitabu vingi vya sasa. Mwaka 1858 kebo ya kwanza ya simu ya maandishi ililazwa chini ya bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland mpaka Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, maneno 98, zilichukua kama saa 16 kupita. Msimamizi wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, aliamini kuwa ishara dhaifu inatibiwa kwa volteji kubwa, akaisukuma kebo kwa takribani volti 2,000. Kebo ilikufa katika wiki chache. Mwanasayansi William Thomson alikuwa ameshakokotoa kwamba kadiri kebo inavyorefuka ndivyo ishara inavyochelewa na kutawanyika, na kwamba kinachotakiwa ni volteji ndogo na kipokezi chenye masikio makali. Alitengeneza kipimo chenye kioo kidogo kinachorusha mwanga ukutani, na hata mkondo hafifu ukaonekana. Kebo ya mwaka 1866 ilifanya kazi kwa njia yake. Miaka 13 baadaye, mwaka 1879, kebo ya namna hiyo ilifika Zanzibar, ikiunganisha Aden na pwani ya Afrika mpaka Durban, na Unguja ikawa kituo ambapo ujumbe unapokelewa na kutumwa upya kwenda mbele. Hiyo ndiyo kazi ya ripita, ikifanywa na binadamu aliyekaa kwenye kiti.

Turudi kwenye paneli zetu. Umeshapunguza kasi. Sasa mpangilio wa waya.

RS-485 inataka mstari mmoja unaopita kutoka kifaa hadi kifaa, una mwanzo na una mwisho. Haitaki nyota. Kwa nini tunakuta nyota kila mahali? Kwa sababu anayevuta waya ni fundi wa umeme aliyezoea taa na soketi, na kwake sanduku la maungio lenye kebo 5 zinazotoka kila upande ni kazi safi. Kwenye mawasiliano, kila tawi ni ncha moja zaidi ya kurudisha mawimbi. Mwongozo wa Modbus unaruhusu tawi fupi, lisizidi mita 20 kwa vyovyote. Mimi nasema lisizidi urefu wa mkono wako. Waya uingie kwenye kifaa na utoke kwenye kifaa hicho hicho.

Kisha rezista za ohmu 120, moja kila ncha ya mstari. Mbili, basi. Kuna kipimo ambacho hakihitaji kifaa cha gharama: zima umeme wa vifaa vyote, weka mita yako kwenye ohmu, pima kati ya waya mbili. Ukisoma karibu na 60, rezista mbili zipo. Ukisoma 120, moja haipo. Ukisoma 40, kuna mtu ameweka tatu, pengine swichi ndogo ndani ya draivu imewashwa na hakuna aliyeiandika. Kwa kebo ndefu usomaji utapanda kidogo kwa sababu ya shaba yenyewe, lakini mchezo ni huo huo. Kwenye Profibus angalieni plagi: swichi ya rezista ikiwashwa katikati ya mstari, vifaa vyote vya baada yake vinatengwa, na fundi anaweza kukaa siku nzima akidhani kebo imekatwa na panya.

Kuna la tatu linalosahaulika. Wakati hakuna kifaa kinachozungumza, waya mbili zinakaa kwenye volti sawa, tofauti ni sifuri, na sifuri iko ndani ya eneo ambalo kipokezi hakijui kiseme 1 au 0. Kelele kidogo tu inageuka kuwa herufi za uongo. Rezista mbili za kuvuta, moja kwenda volti 5 na nyingine kwenda sifuri, kati ya ohmu 450 na 650, mahali pamoja tu kwenye mstari, zinaweka waya katika hali inayojulikana. Mistari mingi inayosoma "vizuri isipokuwa mara moja moja" inaponea hapa.

Sasa ardhi na radi. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa katika nchi ambazo mvua zake hazina hasira kama zetu.

Tunaambiwa RS-485 ni waya mbili. Si kweli, ni waya tatu. Vifaa vinavyozungumza lazima viwe na waya wa pamoja, kwa kuwa kipokezi kinavumilia volti zote mbili kupanda au kushuka pamoja kutoka hasi 7 mpaka chanya 12 tu. Zikizidi hapo, hakisikii. Zikizidi sana, kinaungua. Ndani ya jengo moja hili si tatizo kubwa. Lakini jengo la pampu na jengo la utawala, mita 600 kati yao, kila moja na fimbo yake ya ardhi iliyogongwa kwenye udongo wake, haviko kwenye volti moja. Mota kubwa ikiwaka na mkondo ukivuja ardhini, tofauti kati ya ardhi hizo mbili inaweza kuwa makumi ya volti. Ndiyo maana "mota ikiwashwa, mawasiliano yanakatika". Watu wanalaumu kelele, wananunua kebo ya bei kubwa yenye ganda la kukinga, wanalifunga ganda hilo ardhini pande zote mbili, na sasa mkondo wa ardhi unapita kwenye ganda lenyewe. Hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Radi inafanya jambo lile lile kwa ukubwa wa kutisha. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kabisa duniani. Ndugu zetu wa Mwanza, Bukoba, Kisii na Kampala hawahitaji kuambiwa. Radi haihitaji kupiga kebo yako. Ikipiga ardhi karibu na tangi, udongo wa pale unapanda maelfu ya volti kuliko udongo wa kwenye PLC, na waya wako wa shaba ndio njia fupi ya kusawazisha. Nimeona rafu nzima ya kadi za PLC ikitolewa nyeusi baada ya mvua ya usiku mmoja, na kihisi cha kilimani, ambacho ndicho kilichokuwa karibu na radi, kikiwa kizima.

Kwa hiyo kanuni yangu ninayomwachia kila fundi ninayemfundisha: mawasiliano yakitoka jengo moja kwenda jengo lenye ardhi nyingine, shaba iwe na kitenganishi, na ikiwezekana isiwe shaba kabisa. Na hapa sasa ndipo tunanunua.

Ripita nzuri ya RS-485 inafanya kazi tatu. Inapokea ishara iliyochoka na kuituma upya ikiwa na nguvu zake kamili, kwa hiyo unapata mita nyingine 1,200. Inakupa nafasi ya mizigo mingine 32, maana kipande kimoja cha waya kimepangiwa mizigo 32, ingawa vifaa vya siku hizi vingi vinahesabika kama sehemu ya nane ya mzigo. Na ile iliyo na kitenganishi inavunja njia ya umeme kati ya ardhi mbili. Mimi nainunua zaidi kwa kazi hii ya tatu. Ukinunua isiyo na kitenganishi umelipia nusu ya dawa. Kumbukeni pia kwamba ripita lazima ijue upande upi unazungumza wakati huu, na nyingi zinajua kwa kuhesabu muda wa biti, kwa hiyo swichi zake za kasi ziwekwe sawa na mtandao. Na kila ripita inahitaji rezista za mwisho kwa pande zake, kwa sababu pale ilipo, kipande kimoja kinaisha na kingine kinaanza.

Lakini kuna mtandao ambao ripita haiusaidii, nao ni CAN. Ulitengenezwa na Bosch kwa ajili ya magari na kutangazwa mwaka 1986, na leo uko kwenye jenereta, mashine za kuvuna miwa na lifti. Wenye kuutumia wanajua orodha yake: megabiti 1, mita 40, kilobiti 500, mita 100, kilobiti 125, mita 500, kilobiti 50, kilomita 1. Sababu haihusiani na kudhoofika kwa ishara. Kwenye CAN vifaa viwili vinaweza kuanza kuzungumza pamoja, na vinapimana biti kwa biti nani ana haki ya kuendelea. Ili hilo liwezekane, biti iliyotoka mwisho huu lazima ifike mwisho ule na jibu lirudi kabla biti hiyo haijaisha. Mita 40, kwenda na kurudi ni 80, nanosekunde 400 kwenye waya, na zinazobaki zinaliwa na vifaa vyenyewe. Ukiweka ripita katikati umeongeza kuchelewa, yaani umepunguza umbali. Huko dawa ni mbili: shusha kasi, au weka daraja linalopokea ujumbe mzima, kuuhifadhi, kisha kuutuma upande wa pili kama ujumbe mpya.

Ethaneti nitaipitia haraka, wengi mnaijua. Shaba mita 100, kila swichi inaanza hesabu upya. Cha kutazama kwa hamu ni kiwango cha mwaka 2019 kinachopitisha ethaneti ya megabiti 10 kwenye jozi moja ya waya mpaka mita 1,000, ambacho kinaweza kupeleka umeme wa kihisi kwenye waya hizo hizo. Viwanda vya kemikali na mafuta ndivyo vimekipokea kwanza. Nanyi tazameni namba zile: mara kumi ya umbali, kwa sehemu ya kumi ya kasi ya megabiti 100 tuliyoizoea.

Faiba ndiyo jibu langu kwa kila umbali unaotoka nje ya jengo. Mwaka 1966 Charles Kao aliandika kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha mpaka upotevu ushuke chini ya desibeli 20 kwa kilomita, mwanga utabeba mawasiliano. Desibeli 20 maana yake baada ya kilomita moja imebaki asilimia 1 tu ya mwanga, na wakati ule hata hiyo ilionekana ndoto. Kampuni ya Corning iliivuka mwaka 1970. Leo faiba ya kawaida ya njia moja inapoteza karibu desibeli 0.2 kwa kilomita, yaani unasafiri kilomita 15 ndipo upoteze nusu. Na haijali radi, haijali ardhi, haijali draivu ya kilowati 400 iliyo jirani. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani kule Tanga, kilomita 1,443, limepangiwa faiba mtaroni pembeni ya bomba lenyewe. Huo ndio utaratibu ninaouomba kwa mabomba yetu ya maji pia: siku mtaro unapochimbwa, mfereji wa plastiki wa kupitishia faiba ulazwe humo, hata kama fedha za faiba hazijapatikana. Kuchimba ndiyo gharama. Ukirudi baada ya miaka mitatu kuchimba upya kando ya bomba lenye presha, utalipa mara mbili na utalitoboa.

Mkinunua vigeuzi vya RS-485 kwenda faiba, hesabuni bajeti ya mwanga kama mnavyohesabu volteji: kile kinachotumwa, toa upotevu wa kilomita, toa karibu nusu desibeli kwa kila kiungo cha plagi, acha akiba ya desibeli 3 au zaidi kwa ajili ya siku faiba itakapokatwa na jembe na kuungwa.

Redio. Pale ambapo hakuna mtaro, hapo tunapanda mlingoti. Katika uwazi, kila unapozidisha umbali mara mbili unapoteza desibeli 6. Hiyo ni ndogo. Kinachotushinda ni miti na ardhi. Watu wanasimama kwenye mnara wanasema "tangi naliona, redio itafika". Kuona kwa macho hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi pana kuzunguka mstari wa macho, ukanda unaoitwa kwa jina la Mfaransa Fresnel. Kwa masafa ya gigahazi 2.4 na umbali wa kilomita 5, ukanda huo katikati ya njia una nusu kipenyo cha mita 12.5, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani mita 7.5 juu ya mwembe mrefu kuliko yote njiani. Pimeni wakati wa masika, majani yakiwa yamejaa maji. Kituo kilichopimwa kiangazi kitakusumbua mwezi wa nne. Na masafa yana mwenyewe: Tanzania ni TCRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Ulizeni kabla ya kuagiza.

Kwenye redio nayo kasi inauzwa kwa umbali. Chukueni LoRa, redio ya kutuma data kidogo mbali: katika mpangilio wake wa haraka inapitisha takribani biti 5,500 kwa sekunde; katika ule wa polepole, biti 250 hivi. Tofauti ya usikivu kati ya mipangilio hiyo inazidi desibeli 12, ambazo katika uwazi ni umbali mara 4. Kwa kina cha tangi kinachotumwa kila baada ya dakika 5, biti 250 ni nyingi.

Mkipitisha Modbus kwenye redio, mtakutana na hitilafu moja inayowashangaza wengi. Modbus inajua ujumbe umeisha kwa kusikia ukimya wa herufi 3 na nusu. Kwa 9,600 huo ni muda wa milisekunde 4. Redio inakata data vipande vipande, na kati ya kipande na kipande inaweza kupita zaidi ya milisekunde 4. Kifaa kinadhani ujumbe umeisha, kinakagua hesabu ya mwisho, inakataa, kinautupa. Redio inaonyesha ishara nzuri kabisa na hakuna kinachosoma. Wekeni redio inayotunza ujumbe mzima kabla ya kuutoa, na ongezeni muda wa kusubiri jibu kwenye PLC. Ule uliowekwa kwa waya wa mita 50 hautatosha.

Nina neno moja zito kuhusu kufika mbali. Modbus ya mwaka 1979 haina nywila. Yeyote anayefika kwenye waya anaweza kuwasha pampu. Ulipokuwa waya ndani ya uzio, uzio ndio ulikuwa ulinzi. Ukiongeza umbali kwa redio au kwa laini ya simu, umeuondoa uzio. Mwaka 2000, kule Maroochy, Queensland, Australia, mtu aliyewahi kuifanyia kazi kampuni iliyofunga mtambo wa maji taka aliingia kwenye redio za vituo vya pampu akiwa na vifaa vyake garini, na takribani lita 800,000 za maji machafu zikamwagika kwenye mito na bustani. Alijua mtambo, na redio hazikuuliza yeye ni nani. Kwa hiyo laini ya simu ipite kwenye njia ya siri iliyosimbwa, mlango namba 502, ule wa Modbus, usiachwe wazi kwenye intaneti hata kwa siku moja ya majaribio, na mkandarasi akiondoka, funguo zake zote zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Wakati wa chai ukiisha tutaenda karakana. Nimefunga mstari wa mita 1,000 kwenye ngoma, vifaa vitano, PLC na osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umbo la ishara. Kuna rezista iliyozidi, kuna tawi refu kupita kiasi na kasi ni 115,200. Kila kundi litapewa mita ya kawaida kwanza, osiloskopu baadaye, na kila mtakachobadilisha mkiandike kwenye mchoro ulio mlangoni mwa paneli, kwa tarehe na jina. Kundi la Morogoro lianze, kisha Mwanza, halafu wengine kwa orodha aliyonayo Mwenyekiti.